Don Nazareno Auaga Uzio Wake

Baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi katika uwanja wetu wa mbio za magari wa Colonia Arrieta, Don Nazareno Iturralde atastaafu rasmi tarehe 30 Novemba. Jumapili inayofuata, tutakapofunga msimu, atatazama mbio kwa mara ya kwanza bila koleo mkononi.

Alikuja kwetu kutoka mashamba ya ng'ombe, alikokuwa fundi wa nyaya za uzio. Klabu ilimwajiri atunze uzio wa nje ili mifugo ya jirani isiingie kwenye njia ya mbio. Mwaka wake wa kwanza ng'ombe mmoja aliingia hata hivyo, katikati ya mazoezi. Magari yakasimama. Don Nazareno akavua kofia, akamsindikiza yule ng'ombe taratibu kama anayemtoa bibi harusi kanisani. Mashabiki wa Ford wakapiga kelele: "Kwa mwendo huo, huyo ni Chevrolet!" Wa Chevrolet wakajibu: "Angalau wetu anafika mwisho!"

Lakini tunamjua zaidi kwa uzio mwingine, ule unaotenganisha mashabiki. Kaskazini hukaa watu wa Ford, kusini watu wa Chevrolet, wanaoitwa Mbuzi na kulipenda jina hilo. Kila Jumatatu baada ya mbio alipita akikaza waya na kusimamisha nguzo zilizolaliwa na walevi. Alivaa kijivu siku zote. Hakuna aliyejua yeye ni wa upande gani, na si kwamba hatukuuliza. Mume wangu Osvaldo, mtu wa Ford hadi kwenye soksi, hakuwa na shaka. "Mtu mwenye adabu vile hawezi kuwa Mbuzi," alikuwa akisema, tena mbele yangu, mimi niliyezaliwa katika nyumba ya Mbuzi na kuolewa kwa kuvuka uzio.

Karibu na majiko ya kuchomea nyama, uzio ulikuwa na tundu, upana wake kama sahani. Kila upande uliwalaumu wenzao kwa kulikata. Hapo ndipo zilipopita chumvi, mkate, kikombe cha yerba, ile chai yetu chungu ya majani, na matusi ya kirafiki. Hapo pia Osvaldo alinipitishia kila mara kipande cha ubavu kilichoungua pembeni, kwa sababu alijua ndicho nikipendacho. Osvaldo alitutoka mwezi Mei. Katika mbio za Juni nilikuwa kazini kwangu, kwenye dirisha la kuuzia tiketi, sikutaka kula. Don Nazareno akaja na sahani iliyofunikwa kwa kitambaa, akaiweka, akaenda zake. Ndani mlikuwa na ubavu ulioungua pembeni.

Mwezi Agosti uongozi ulitaka uzio ung'olewe, viwekwe viti vya plastiki vyenye namba. Sababu zao zilieleweka: siku hizi injini zote zinatengenezwa kwa mtindo mmoja, na Toyota nao wameingia mashindanoni. Kung'oa nguzo hizo kungekuwa kazi ya mwisho ya Don Nazareno. Alipoambiwa, alikubali kwa kichwa tu, na siku ile nilimwona akipaka mafuta koleo lile lile mara mbili.

Mashabiki waliitwa ukumbini watoe maoni. Mchinja nyama Etchepare, wa Ford, alisimama wa kwanza. "Injini ni zile zile! Sasa nikimtukana Mbuzi, si najitukana mwenyewe?"

"Usihangaike, Mnene," akajibu Doña Celmira kutoka kwa Mbuzi. "Ulianza kujitukana zamani, ila hukujua."

Muuguzi Yamila, anayeshabikia Toyota, akauliza wao watakaa wapi. Pande zote mbili zikajibu kwa pamoja: "Nyumbani!" Naye hakukaa chini. Alisema magari ya zamani yalinguruma vizuri, ndiyo, lakini yeye ndiye aliyekuwa akiwapokea madereva hospitalini. Haya mapya yakipinduka, dereva anatoka kwa miguu yake. Etchepare mwenyewe akasema, "Hapo, binti, umesema."

Kisha kuhusu uzio likatokea jambo ambalo sikuwahi kuliona: Ford na Mbuzi wakakubaliana. Ubaki! Bila uzio, alisema Doña Celmira, atajuaje amgeuzie nani mgongo?

Mwenyekiti akamgeukia Don Nazareno. Yeye si mtu wa hotuba. "Nguzo nitazing'oa mkiamua," alisema. "Ila sahani mtapitishia wapi? Lile tundu nililikata mimi."

Kilichofuata ni kicheko na vifijo hadi madirisha yakatetema. Uzio umebaki. Watu wa Toyota wamepewa pembe yao, jirani na vyoo kwa sasa, na Yamila tayari amedai tundu lake. Don Nazareno alimkatia wiki iliyopita.

Jumanne alikuja dirishani kwangu akiwa amevua kofia. Alitaka tiketi ya Jumapili, na alitaka kulipia. Ikanibidi nimuulize kama ninavyomuuliza kila mtu: "Upande gani, Don Nazareno?" Akatazama kulia, akatazama kushoto, akaniinamia, akajibu.

Siri ya miaka thelathini na mitatu haitavujia katika kijitabu hiki cha ratiba ya mbio. Njooni Jumapili mjionee atakapoketi. Nitasema hili tu: Osvaldo wangu angenuna wiki nzima.

Don Nazareno, kwa niaba ya wafanyakazi wote, asante kwa kila waya ulioukaza na kwa ule uliouacha wazi. Tunakutakia afya njema, kiti cha kivulini, nyama iliyoiva, na daima jirani wa kumtania ng'ambo ya uzio.