Nivi Ulloriaq (1961–2023), Aliyefuatilia Zebaki ya Angani

Marehemu Nivi Ulloriaq alizaliwa Siorapaluk, kijiji cha wawindaji kwenye barafu ya kaskazini ya mbali, tarehe 3 Machi 1961, mtoto wa tatu wa mwindaji Masaannguaq na mkewe Bibiane.

Alisoma katika miji yetu ya Qaanaaq, kisha Aasiaat, na mwaka 1986 akahitimu kemia Kopenhageni, mji aliolalamika kwamba hata baridi yake ina maji.

Kazi yake ilikuwa kukokotoa safari ya zebaki: inavyotoka kwenye moshi wa viwanda vya mbali, ikafika kwetu na kuanguka kwenye theluji jua linaporudi baada ya miezi ya giza. Kiasi gani hubaki, kiasi gani hupaa tena? Modeli moja ya kompyuta ilimpa jibu, nyingine ikampa mara mbili yake. "Na zote nimezilisha vipimo vilevile!" alisema, ameshika kichwa.

Mwaka 1990 alifunga ndoa na Ussarqak, mwindaji. Waligombana kweli mara moja tu, mwaka 2014, binti yao Pipaluk akiwa mjamzito. Nivi alimwondolea sahani ya nyama ya nyangumi, maana zebaki hujikusanya humo na huweza kumdhuru mtoto tumboni.

"We mama Pipaluk, nyangumi huyo nimemwinda mwenyewe! Mjukuu wangu ajengwe na soseji za kopo?"

"Asile mpaka ajifungue."

"Una hakika?"

"Sina."

"Sasa?"

"Ndiyo maana asile."

Ussarqak akatoka, akawapa mbwa ile nyama, kisha akachungulia mlangoni. "Na mbwa je?"

Mtoto alizaliwa salama. Kama sahani ile ilihusika, hakuna ajuaye.

Mwaka 2021 mikono ya Nivi ilianza kutetemeka. Sote tukasema ni zebaki. Nywele zake zilipopimwa, ilikutwa nyingi. Za Ussarqak zilikuwa nayo zaidi, naye hajambo mpaka leo. Daktari akasema ni ugonjwa wa neva, labda. Ussarqak akachanganyikiwa: ampe mkewe chakula alichozoea tangu utotoni, au amnyime? Siku moja alipika supu ya nyangumi, akaimwaga, akapika nyingine, akasimama nayo jikoni.

"Lete, baba Pipaluk," Nivi aliita kutoka kitandani. "Nina njaa. Hilo nina hakika nalo."

Akala, akaongezwa.

Alifariki nyumbani Qaanaaq tarehe 9 Mei 2023. Kabla ya hapo Pipaluk alimuuliza tuseme nini kuhusu ugonjwa wake. Alijibu: "Semeni hatujui. Msiwadanganye watu kwa kunionea huruma."

Basi hatujui.

Ameacha mume, Ussarqak, binti, Pipaluk, mjukuu, Inaluk, na dada yake, Ane-Sofie. Mungu ampumzishe kwa amani, na sisi atuvumilie na maswali yetu.