Aneth Pazi, Aliyerudi Kisarawe Bila Ubunge

Wachungaji, masheikh, viongozi wa Serikali na wa vyama, ndugu, jamaa na majirani mliotoka Kibaha, Janga, Masaki na mlio wenyeji wetu hapa Mkongole, familia imenisimamisha mimi, mdogo wake wa mwisho, niwasomee maisha ya dada yetu mpendwa, naye mwenyewe aliacha neno kwamba yasomwe kama yalivyokuwa, yasipakwe sukari.

Marehemu Aneth Elieza Pazi alizaliwa tarehe 9 Juni 1962 katika kijiji hiki cha Mkongole, kata ya Maneromango, wilayani Kisarawe, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Mwinjilisti Elieza Pazi na marehemu mama Sikuzani, wakulima wa mihogo na korosho. Alisoma shule ya msingi hapahapa Maneromango kuanzia mwaka 1970 hadi 1976, akachaguliwa kwenda sekondari ya wasichana ya bweni mkoani Morogoro, 1977 hadi 1980, na baadaye akajiunga na chuo cha ualimu, alikohitimu mwaka 1982.

Kazi aliianza Januari 1983 kwa kufundisha shule ya msingi upande wa Masaki, katika kijiji cha Bembeza, na huko ndiko alikoanza kukosa usingizi, maana wasichana aliowafundisha hadi darasa la saba walikuwa hawafiki mbali, mmoja anaolewa, mwingine anapelekwa mjini kufanya kazi za ndani, na yeye akikutana nao sokoni wamebeba watoto mgongoni walikuwa wakimwamkia "Shikamoo mwalimu" huku wakiangalia chini.

Tarehe 15 Desemba 1990 alifunga ndoa na Bwana Wilfred Mbwambo, aliyekuwa bwana shamba wa Janga, wakahamia Kibaha, na Mwenyezi Mungu akawajalia watoto watatu, Elinipa, Juliana na Elieza. Huko Kibaha aliendelea kufundisha, na mwaka 1998 akawa mratibu wa elimu wa kata, akawa mwanamke anayejulikana kwa kuingia shuleni bila taarifa na kuanza na vyoo kabla ya ofisi ya mwalimu mkuu.

Mwaka 2005 akina mama wa chama chake walimchagua kuwa mbunge wa viti maalum kutoka mkoa wetu wa Pwani, akatumikia vipindi viwili, na Bunge lilipoahirishwa hakukaa Dodoma wala Dar es Salaam, alishuka kijiji kwa kijiji, akaketi kwenye benchi la ofisi ya kijiji na kusema, "Haya, mimi nimekuja kusikia, anayetaka kunisifu asubiri mwisho," na mara nyingi mwisho ulifika hakuna aliyebaki na sifa.

Sasa ndugu waombolezaji, tumefika mahali ambapo wengi wenu mlikuwepo. Mwaka 2012 alipata wafadhili waliokubali kujenga bweni moja la wasichana wa sekondari, wananchi wachangie mchanga, maji na tofali, na sisi Mkongole tulijua bweni ni letu, tukafyatua tofali, tukazichoma, tukazipanga pale nyuma ya ghala la korosho. Aliitisha mkutano, akatuambia bweni litajengwa Bembeza, kwa sababu wasichana wa kwetu wanarudi kwao kula mchana, ila wa sekondari ya Bembeza wanatoka mbali, wanapita msituni alfajiri au wanapanga vyumba mitaani wakiwa watoto, na vyumba hivyo ndivyo vinavyowamaliza.

Mjomba wetu, Mzee Mwinyimadi, ambaye yupo hapa mbele yetu na ameiruhusu familia kulisema hili, alisimama akamuuliza, "Aneth, wewe ni mtoto wetu au mtoto wao?"

Dada akamjibu, "Ni mtoto wenu, mjomba, ndiyo maana nimekuja kuwaambia nyinyi kwanza, tena usoni."

"Basi tofali zetu hazitoki hapa," mjomba akasema, na watu wakapiga makofi, na dada akainamisha kichwa kidogo, akakunja kitenge chake, akaondoka kwenda Bembeza, ambako kesho yake walimwona akisomba mchanga kwa ndoo pamoja na wazazi.

Mwaka 2015 alirudi kwa wajumbe wa chama chake kuomba kipindi cha tatu, na kura zilizomwangusha hazikutoka mbali, zilitoka nyumbani. Bweni la Bembeza lilikuwa limefika kwenye linta, juu ya madirisha, wafadhili walikuwa wamemaliza sehemu yao, na shemeji Wilfred anakumbuka kwamba usiku ule dada alilia kidogo sana, kisha akamuuliza gari la ofisi linachukuliwa lini, akajibiwa wiki ijayo, akasema, "Basi Jumatatu nitakwenda Bembeza nalo, na Jumatatu nyingine nitapanda bodaboda."

Na ndivyo ilivyokuwa. Kijana Dulla wa stendi ya Masaki ndiye aliyekuwa akimbeba, mvua na vumbi, na alipomuuliza, "Sasa mama, si ubunge umekwisha, unahangaikia nini tena?" alimwambia, "Ubunge ndio umekwisha, Dulla, wale watoto bado wanapita msituni." Alibisha hodi kwa wafanyabiashara, kwa makanisa na misikiti, kwa wanafunzi wake wa zamani, wengine walimfungia geti, akarudi tena siku nyingine na salamu zilezile, na tarehe 12 Februari 2018 wasichana wa kwanza walilala Bembeza.

Katika miaka yote hiyo, kila alipopita Kisarawe alifika Mkongole kumsalimia mjomba. Alikuwa akisimama uani na kusema, "Shikamoo, mjomba," na mjomba alikuwa akiendelea kubangua korosho zake, hamjibu, naye alikuwa akiwasalimia wengine, akinywa maji, akiondoka. Tulimwambia aache kujidhalilisha, akasema kuamkia ni kazi yake, kuitikia ni kazi ya mjomba.

Mwezi Machi 2021 alifika tena, akaamkia, kisha akasema anataka kuanzisha bweni la pili, safari hii Mkongole, kwa sababu sekondari yetu imeanza kupokea watoto wa mbali, na amekuja kumwambia yeye kwanza.

Mjomba akamtazama, akasema, "Umeanza tena?"

"Sijawahi kuacha, mjomba."

Mzee akaweka korosho chini, akasema, "Marahaba. Na zile zote ambazo sikuitikia, marahaba." Wiki ile tofali zikaanza kutoka nyuma ya ghala, nyingi zilikuwa zimeota majani, na mjomba mwenyewe ndiye aliyekuwa akizikwangua.

Mwaka 2023 marehemu aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo, akawa anasafishwa damu Dar es Salaam, na katikati ya siku za matibabu aliomba apelekwe Mkongole kuangalia ukuta ulipofika, akikaa kwenye kiti cha plastiki na kumkosoa fundi. Mwezi uliopita hali yake ilibadilika, akalazwa, na kwa kuwa kijiji kilishapanga Jumamosi tarehe 9 Agosti kuwa siku ya kupandisha mbao za paa, alimwita mumewe akamwambia, "Wilfred, nikifa, msinizike Jumamosi." Alifariki dunia Jumanne tarehe 5 Agosti 2025, saa kumi alfajiri, na ndiyo sababu leo ni Ijumaa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa upole, majirani wa Kibaha waliopika na kulala nasi, walimu wenzake, wabunge aliotumikia nao, wasichana wa Bembeza waliokuja na sare zao, mafundi, Dulla, na Mzee Mwinyimadi aliyetoa eneo la kaburi hili. Hatuwezi kumtaja kila mmoja, Mungu awalipe.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu wanne na jengo lisilo na paa. Kesho saa moja asubuhi tukutane pale shuleni, kila mtu na nyundo yake, akina mama wa Bembeza wamesema chakula ni juu yao.

Dada Aneth, pumzika kwa amani, sisi tunapanda juu.