Buni za Joakim, Maganda ya Gaudiosa

Sogeeni kitandani, wanangu, na wewe Joakim zima hiyo simu, maana mama yako hafi mara mbili.

Sikilizeni. Yule mfanyabiashara wa vipodozi aliyekuja jana na gari jeupe, nilimfukuza, na nikishazikwa mtamfukuza ninyi. Anataka jina langu, Mama Otilia, libaki juu ya kopo, halafu ndani atie mkorogo wa kuchubua watu ngozi. Thubutu yake! Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Sabuni yangu nimeitoa kwenye vitu mlivyotupa: maganda ya kahawa yaliyokuwa yakinuka kando ya mto pamoja na maganda ya ndizi, nikayachoma yakawa majivu, maparachichi yaliyolainika sokoni Mbinga hadi hayana mnunuzi, nikayakamua mafuta. Mkaniita Mama Jalala, na jalala hilohilo likawasomesha! Nendeni Liuli mkawaulize wanawake wanaoanika usipa, vile vidagaa vya ziwani, ni sabuni gani inawatoa shombo bila kuwababua mikono.

Basi nagawa. Shamba la Kigonsera ni la Joakim, simnyimi. Ila kila msimu ukishamenya kahawa, baba, buni ni zako, maganda ni ya dada yako Gaudiosa, pamoja na pipa, sufuria kubwa na jina langu. Usigune. Babu yenu alifukia nyasi kwenye ngoro, yale mashimo ya shambani, mahindi yakastawi mlimani. Kwetu hakuna cha kutupa.

Flavia, mke wa mwanangu, toka nyuma ya mlango. Naona uso wako ulivyoungua, na aliyekuuzia hiyo krimu ni huyohuyo wa gari jeupe. Inaniuma, mwanangu, inaniuma sana, maana ulikuja hapa na uso mzuri nikajivunia.

Nikikata roho, wewe ndiye utakayeniosha, kwa sabuni yangu. Msinipake poda. Niende na weusi wangu... nipeni maji kidogo.

Mungu awabariki. Mashamba yawaitikie... msigombane. Gaudiosa, vipande vya sabuni vya juzi vigeuze, visipasuke.

Desturi inasema sabuni ya maiti hutupwa. Yangu... msitupe, nimekataa. Kitakachobaki, Flavia... nawia uso.