Gitaa la Sikio la Kushoto

Sikio la kushoto la Kioko limekufa, na gitaa la pili la albamu yake kongwe ya thrash metal, roki ya kasi na kelele, lasikika upande huo tu. Ndani ya tuktuk alimpa jirani yake, Bi Zakiya, spika ya masikioni ya upande huo. "Mama, niambie linafanya nini."

"Subhanallah! Wapigaji wakimbia kama waliofumaniwa!" Mimi, abiria mwenzao niliyebanwa kando, nilisikia kelele tu. Kisha ukaingia wimbo wa taratibu, na bibi akaweka mkono kifuani. "Sasa gitaa linalia kama fidla ya taarabu. Hawa si wale, mwanangu."

"Ni wale wale, mama. Walikua."

Tuktuk ikasimama Liwatoni, kituo cha bibi. Bibi hakushuka. "Na sikio lako je, nani aliliua?"

"Ni hao hao, nikiwafungulia sauti hadi mwisho. Wamenigharimu sikio moja na gitaa moja."