Karani Aliyeomba Kiberiti

Ndugu, jamaa na majirani, nimepewa kazi ya kusoma maisha ya dada yetu kwa sababu mimi ndiye kitinda mimba, niliyebebwa mgongoni mwake. Wenzangu wamenionya nisigombane na mtu makaburini. Nitajitahidi.

Marehemu alizaliwa Jumatano, tarehe 9 Machi 1966, mtoto wa kwanza kati ya wanne wa baba fundi viatu na mama mshonaji. Tangu utotoni alikuwa mtu wa kuweka alama. Kikombe chake alikifunga uzi kwenye kishikio, na ole wako akikukuta unakinywea. Tulimwita Karani kabla hajajua karani ni nini.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani kwetu kuanzia 1973 hadi 1979, akamaliza kidato cha nne mwaka 1983. Akiwa darasa la sita alikabidhiwa ufunguo wa stoo. Mwalimu mkuu mwenyewe alitusimulia kwamba aliagiza aletewe chaki tatu, akajibiwa aje asaini kwanza. Alikwenda akasaini. Baadaye marehemu alisomea ukarani kwa mwaka mmoja.

Aliajiriwa mahakamani tarehe 2 Septemba 1985, na mwaka 1994 akawa mtunza vielelezo. Chumba chake kilikuwa nyuma ya ukumbi namba mbili, hakina dirisha, rafu za chuma mpaka darini, kinanuka matairi na mafuta ya ngozi. Humo ndimo zilimoletwa bidhaa bandia zilizokamatwa: pasi, losheni, nyaya za umeme, pedi za breki. Sheria ilikuwa nyepesi, na mpaka leo ni nyepesi. Mwenye mzigo anakubali kosa, analipa faini, anarudishiwa mzigo wake. Karani ndiye aliyesainisha na kufungua mlango.

Akaanza kutia kila kitu nukta ya rangi nyekundu ya kucha, ajue kama kimewahi kupita kwake. Mwaka 2017 katoni za pedi za breki za duka moja la spea ziliingia mara ya tatu. Aliniambia, "Mdogo wangu, hawa ni wageni wangu wa kudumu. Bado kuwatandikia kitanda tu." Alimwonyesha hakimu nukta zile. Hakimu alimjibu kwa upole kwamba sheria haiulizi mzigo umekamatwa mara ngapi.

Mwaka 2019 uliandikwa muswada: mfanyabiashara wa bidhaa bandia afungwe, na mali iteketezwe. Kamati ya Bunge ilimwita akatoe maoni. Alikopa viatu vya binti yake, akasema maneno machache: "Waheshimiwa, mimi siombi askari wala bunduki. Naomba kiberiti." Walimpigia makofi, jamani, walimpigia sana. Muswada ukasomwa mara moja tu, ukawekwa kabatini. Kila Januari aliulizia, kila Januari aliambiwa unashughulikiwa.

Tarehe 15 Desemba 1990 alifunga ndoa na shemeji yetu, dereva wa pikapu ya kusambaza vitabu vya shule. Walijaliwa binti na mwana. Shemeji alipenda kusema kwamba nyumbani kwake hata chumvi ina daftari. Lakini miaka thelathini na mitatu kila asubuhi alimfikisha mkewe kazini, na sikuwahi kusikia amemchelewesha.

Dada hakuugua. Jumanne ya tarehe 14 Mei 2024, saa moja na nusu asubuhi, walikuwa wanateremka mlima wa hospitali breki zikagoma. Pikapu iligonga ukuta. Shemeji alivunjika mkono. Marehemu alilazwa wodi ya majeruhi siku tisa.

Siku ya tatu fundi gereji, jirani yetu, alikuja kwenye kibanda changu cha kunyolea. Hakukaa kwenye kiti. Alifungua gazeti, ndani yake mna pedi zimemeguka kama biskuti, na nyuma ya kila moja nukta nyekundu. Akasema analia, "Mimi ndiye niliyezifunga mwezi uliopita. Dukani wanatuambia hizi za nukta ndizo nzuri, zimepita mahakamani, zimekaguliwa. Mafundi wote siku hizi tunaulizia za nukta."

Nikaenda wodini. Dada akaniuliza, "Breki zilikuwa na nini?" Nikamjibu, "Zilichakaa tu, dada." Nilimdanganya mtu ambaye maisha yake yote hakudanganya hata hesabu ya chaki. Mnisamehe, sikuweza. Alifariki Alhamisi, tarehe 23 Mei, saa nne asubuhi, mimi nimemshika mguu.

Polisi wamekamata katoni thelathini na mbili kwenye duka lile, na zimelala ndani ya chumba chake. Juzi nilimwendea mwendesha mashtaka nikamuuliza itakuwaje. Akasema, "Mzee, kwa sheria iliyopo, ni faini." Nikamuuliza, "Na katoni?" Akasema, "Zitarudishwa kwa mwenyewe." Kuhusu ajali yenyewe, anasema itakuwa kazi kuthibitisha ni pedi na si mwendo. Zile za pikapu zitakaa kama kielelezo, kisha shemeji ataitwa asaini, achukue mali yake. Hakunijibu kwa ubaya. Alinikaribisha hata kiti.

Karani mpya, binti mdogo aliyeachiwa ufunguo wa chumba cha dada, alinisubiri mlangoni, akanivuta pembeni. "Baba, nizitie alama nisizitie? Nikitia, watazinadi. Nisipotia, zikirudi sitazijua." Nina umri wa miaka hamsini na mmoja, nimelelewa na dada yangu, nikamwambia mtoto yule tuzike kwanza. Kesi inatajwa Jumatano saa tatu. Atakayeweza kuja aje, ingawa sijui tutafanya nini tukishafika zaidi ya kukaa kwenye benchi.

Marehemu ameacha mume, binti mmoja, mwana mmoja, wajukuu watatu, na wadogo zake watatu. Mwenyezi Mungu ampokee, ampe mapumziko mema. Dada, ulituomba kitu kidogo tu, na tumeshindwa kukupa.