Wito Uliohamia kwa Jirani

Bajaji ilitoka Mazimbu na abiria watatu: mimi mbele na dereva, nyuma mama mwenye kapu la karoti na baba mmoja wa kanzu. Wale wawili hawakujuana, lakini shikamoo ilipoitikiwa tu, baba alimwaga siri zake zote, kana kwamba sisi wa mbele viziwi.

"Mama, yule aliyenikopesha bati nasikia alinishtaki. Sijui hukumu imetoka?"

"Hukuletewa wito?"

"Ulibandikwa mlangoni kwangu. Nikaubandua, nikaubandika kwa jirani."

Mama alivuta kapu lake karibu, wala sikumlaumu. "Una wazimu wewe! Usipotokea, wanasikiliza upande mmoja na hukumu inatoka. Nenda kwa karani, mtajie jina lako, atakutazamia."

"Nijipeleke mwenyewe?"

"Sasa utajuaje?"

"Jirani anajua. Hajui kusoma yule. Alipoona muhuri, mbio mpaka mahakamani, karani akamweleza kila kitu. Tangu arudi ananisaka."

"Basi si umuulize!"

"Nitamuulizaje, mama, na mke wangu ameshamwambia nimesafiri? Wiki ya tatu hii natokea mlango wa uani."

Dereva alicheka hadi tukaingia shimoni. Kisha akasimama. "Mahakamani hapa!"

Mama alishuka, akamshikilia baba turubai ili naye ashuke. Baba alilitazama lile geti, akarudisha mguu ndani.

"Dereva, nipeleke stendi ya Msamvu," alisema. "Bora nisafiri kweli."