Alilosema Hasan Juu ya Baraza

Baraza letu la mawe la Malindi hukaliwa na watu watano, na alasiri ile tulikuwa wanne. Hasan, fundi cherehani, hakuja. Asubuhi mkewe, Mwanapili, alimshitaki kwa kadhi, na Hasan akaapa mbele ya kadhi kwamba hakutoa sharti lolote alipomwoa. Sote tuliduwaa. Sharti lile alilitoa hapa hapa, jioni ya kuamkia harusi, akimjibu mjomba wa bibi harusi: "Mwanapili simtoi mjini maisha, simtengi na mamake." Mama mtu, Bi Mashavu, haoni, na hana mtoto mwengine. Sasa Hasan kagaiwa eka tatu za kulima Mahonda, mbali na mji, anataka kuhama na mke. Mjomba keshakufa.

Bakar, tunayemwita Redio, ndiye aliyetuletea habari.

REDIO: Kaapa, yakhe. Tena kwa sauti.

Mcha, jina lake la utani Kobe kwa vile kikombe kimoja cha kahawa humfikisha magharibi, alikuwa kaduwaa zaidi yetu.

KOBE: Hasan huyu huyu?

REDIO: Huyu wa hapo ulipoweka kofia.

Kobe akaiondoa kofia. Mjaka akakohoa. Yeye ni Wakili, maana aliwahi kushitakiwa kwa ajili ya mbuzi, akashindwa, na tangu hapo anajua sheria.

WAKILI: Tulieni. Sharti la ndoa hutolewa kwenye nikahi yenyewe, kabla ya halua. Halua ikishaliwa, mlango umefungwa.

KOBE: Lakini Hasan alisema jana yake. Halua ilikuwa haijapikwa.

WAKILI: Basi aliwahi mno. Wahenga wamesema, mchumia juani hulia kivulini.

KOBE: Inahusu nini hiyo?

WAKILI: Inahusu.

Mimi nikawauliza tangu lini neno la mwanamume likahesabiwa kwa halua. Hakuna aliyenijali.

REDIO: Mie naona hajavunja kitu. Kasema hamtoi mjini. Na mji si unakua? Hivi sasa ushafika Mtoni. Mke atangulie Mahonda, mji utamkuta huko huko.

KOBE: Na mama asiyeona?

REDIO: Naye mji utamfikisha pole pole. Haba na haba hujaza kibaba.

KOBE: Mimi nnaona jengine. Neno alilisema juu ya baraza. Basi aliyeahidiwa ni baraza, si mke. Mwenye haki ya kushitaki ni baraza.

WAKILI: Hapo sasa umenena. Ila jiwe haliapishwi.

Wallahi nilitaka kuwamwagia kahawa. Bibi wa watu anakwenda kutenganishwa na mwanawe wa pekee, na watu wazima wanajadili kumwapisha jiwe.

Hapo akaja mwanamke kavaa buibui, akasimama mbele yetu. Wanawake hupita hapo wakitazama chini. Huyu alitutazama.

— Shikamooni.

— Marahaba, Mwanapili, tukaitika.

— Kadhi kasema kabla hajatazama kama sharti linamfunga Hasan, nilete watu wawili waliolisikia. Marehemu mjomba hayupo. Nyinyi mlikuwepo. Nani na nani watafuatana nami kesho?

Redio akageukia njiani. Wakili akasema suala hilo lina pande zake, halafu hakuzitaja. Kobe akanyanyua kikombe kilichokwisha zamani. Na mimi niliyekuwa nikifoka, nilikumbuka kwamba miaka yote Hasan nakaa naye goti kwa goti, na kanzu niliyovaa kanishonea yeye. Nikaanza kuikunja mikono ya kanzu hiyo.

Mwanapili akatutazama mmoja mmoja. Kisha akakunja buibui lake akakaa pahala pa Hasan.

— Basi nangoja, akasema.

Sijapata kuona mwanamke kukaa juu ya baraza lile. Mzee Jecha, muuza kahawa, akamimina kikombe akampa yeye kwanza. Ikaadhiniwa magharibi, na hakuna aliyethubutu kuwa wa mwanzo kunyanyuka.